Mkono Niliomnyima Dada Yangu

Msomaji aliyechelewa kuanza mfululizo huu nampa muhtasari, kwa maana si adabu kumwacha mtu nje ya mlango wakati wenzake wamekwisha kuketi.

Mimi ni Mwalimu Mkuu mstaafu. Wanafunzi waliniita Rula, na jina hilo limenifuata hadi uzeeni, ingawa wanaolitumia hudhani silijui. Nilipokwenda Ofisi ya Ardhi kufuatilia hati ya kiwanja changu niliombwa kitu kidogo, nikapaza sauti mpaka watu wakatoka vyumbani. Kaimu Mkuu wa ofisi hiyo, kijana mtelezi ambaye watumishi wake humwita Sabuni, hakunifukuza. Alinipa hati yangu siku ileile, na baada ya muda mfupi akaniteua kuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maadili. Nikapewa chumba ghorofani, kiti cha kuzunguka, feni, na posho kila Ijumaa. Nikaamini kwamba hatimaye serikali imemwona mtu mnyoofu. Baadhi yenu mliniandikia mkinicheka. Mlikuwa na haki.

Nilitoa sharti moja tu. Katika shule ya misheni iliyonilea, mtoto aliyepokea kitu, kiwe daftari au dawa ya minyoo, alipanda ngazi hadi kwa Padre, akamtazama usoni, akamshika mkono na kushukuru. Nikataka iwe hivyo ofisini. Mwananchi ambaye shauri lake limefanikiwa apande ghorofani tushikane mikono, nami nimwulize, "Umehudumiwa vema?" Walikuja wengi sana. Wote walijibu, "Vema sana, Mzee." Tarishi alisimama mlangoni akitazama, kisha akashuka nao.

Mara ya mwisho niliwaacha mlango wa chumba changu ukifunguka. Akaingia dada yangu, mjane, mdogo kwangu kwa kuzaliwa. Hakunisalimu. Alininyooshea mkono kama mtu anayelipa nauli.

"Kaka, nimeambiwa nikushike mkono mambo yaishe."

Wangu niliuacha mezani.

"Nani kakuambia?"

"Karani wa dirishani. Anasema cherehani imefika salama, imebaki mkono wako tu."

"Cherehani gani?"

"Kwani mimi nina cherehani ngapi, Kaka?"

Ilikuwa ile ya miguu, aliyonunuliwa na marehemu mumewe. Kwa cherehani hiyo alikuwa akishona sare za shule za nusu ya mtaa wake, na kwa hiyohiyo alikuwa akila.

"Mke wa karani anafungua duka la kushona," akasema. "Walikuja na mkokoteni mchana kweupe, majirani wamejaa vibarazani. Nikasema inapelekwa kwa fundi."

"Mbona hukuja kwangu kwanza?"

"Nilikuja kwako kwanza. Ukaniambia nifuate utaratibu."

Ni kweli. Nilimwambia mezani kwangu, mbele ya mke wangu, tena kwa sauti ya juu kidogo kuliko ilivyohitajika. Kiwanja alichoachiwa kilikuwa bado katika jina la marehemu, na kaka mkubwa wa marehemu alikuwa amekwisha kuleta mnunuzi. Dada yangu alihitaji hati ihamishiwe kwake kabla hajatolewa nje na vyombo vyake. Nikamweleza kwamba ndugu wa Mwenyekiti hawezi kuruka foleni.

"Basi nimeufuata," akasema. "Utaratibu ndio huu."

"Huu ni wizi!"

"Kaka, punguza sauti, mimi si darasa. Unajua wanasemaje huko chini? Wanasema zamani kulikuwa na nafuu. Tangu uje wewe kila kitu kimepanda, kwa sababu Mzee Rula ni mkali, hatari imekuwa kubwa, na fungu lake ni nono."

"Fungu langu?"

"Usinitolee macho. Sikulaumu. Kila mtu anakula. Mimi nilikuwa nawabishia watu, nawaambia kaka yangu hajawahi kuchukua hata chaki ya shule. Walinicheka mpaka wakashika mbavu." Akausogeza mkono wake karibu zaidi. "Haya, nishike basi, nimeacha chungu motoni."

Wasomaji wangu, mtu anaweza kutukanwa kwa namna nyingi, lakini kusamehewa kosa ambalo hukulitenda ni tusi la pekee.

Nilisimama. Nikaipeleka mikono yangu yote miwili nyuma ya mgongo, kama nilivyokuwa nikifanya mtoto aliponiletea kalamu ya kuokota mfukoni mwa mwenzake.

"Mkono huu siutoi. Nenda nyumbani. Cherehani yako itarudi, na hati utaipata kwa haki."

Aliutazama mkono wake, akaugeuza kiganja juu, akaugeuza chini.

"Mikono yote ya mji huu umeishika," akasema. "Wangu ndio umeuona mchafu."

Akatoka. Tarishi akabaki mlangoni akikuna shingo.

"Kwa hiyo, Mzee, ni hapana?"

"Hapana nini?"

"Nataka tu uhakika. Nikawaambie hapana?"

"Kawaambie wajiandae!"

Alishuka ngazi mbiombio. Nikadhani nimemtia hofu.

*

Chumba cha Sabuni kina meza yenye kioo, na juu ya kioo hapakai kitu isipokuwa chupa ya losheni. Ukimwona mtu wa ofisi ya umma ambaye mezani pake hapana karatasi, jua ya kuwa kazi yake inafanyikia mahali pengine.

"Mwalimu!" Akainuka kwa heshima zote. "Karibu, keti. Tarishi amenieleza. Umekataa! Ni mara ya kwanza, lakini tumeheshimu. Shauri la yule mama tumelisimamisha palepale."

"Mmelisimamisha?"

"Si umekataa mkono?"

"Yule mama ni dada yangu. Tumbo moja."

Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, uso wa Sabuni ulionyesha masikitiko ya kweli.

"Dada yako? Lo! Mbona hukusema, Mwalimu? Tungempunguzia!"

Niliketi.

"Kijana, nieleze. Mkono wangu una maana gani katika ofisi hii?"

"Mwalimu, usinifanyie mtihani." Akacheka, kisha akaona sicheki. "Kumbe hujui? Hujui kweli? Lakini wewe ndiye uliyeubuni!"

"Niliubuni kwa ajili ya shukrani."

"Sawa, shukrani, jina lolote. Sikiliza. Kabla yako tulikuwa tunataabika. Wa dirishani anasema kampa mpimaji, mpimaji anasema hajaona kitu, mteja anazungushwa, anachoka, anapiga kelele kama ulivyopiga wewe. Aibu tupu. Ukaja na wazo la mkono. Mtu akipanda na kushuka, jengo zima linajua amemalizana na kila mmoja, aendelee. Hakuna ugomvi, hakuna kudai mara mbili. Kwa kweli, Mwalimu, umetuletea nidhamu."

Neno hilo nililifundisha kwa maisha yangu yote ya kazi. Sikuwahi kulisikia likitumiwa kwa usahihi namna hiyo.

"Nitaripoti makao makuu," nikasema. "Kamati yangu itaandika..."

"Kamati ipi?"

"Kamati ya Maadili!"

"Mwalimu wangu," akasema kwa upole, kama mtu anayemweleza mgonjwa, "makao makuu hawaijui kamati hiyo. Haina fungu serikalini. Uliwahi kuona wajumbe wengine?"

Niliwahi kuuliza habari za wajumbe. Nikajibiwa kwamba wako safarini.

"Na posho yangu ya Ijumaa?"

"Tunachangishana sisi wenyewe. Kila mmoja anatoa kidogo katika alichopata. Hakuna aliyewahi kunung'unika, wote wanakupenda."

Kwa posho hiyo nilikuwa nimelinunulia kanisa benchi la mbele, na juu yake kimepigiliwa kibao cha shaba kunishukuru. Kwa posho hiyo mke wangu alipata miwani ambayo huisomea Zaburi. Nilijaribu kukumbuka kitu kimoja safi kilichotoka Ijumaa yoyote, nikakosa.

"Dada yako asikusumbue," Sabuni akaendelea. "Kesho asubuhi mwite apande tena, mpe mkono, mchana anatoka na hati yake. Ila kuna jambo dogo. Shemeji yake naye, yule kaka mkubwa wa marehemu, amekwisha kumalizana na dirisha. Yumo katika watu watakaokuja kukusalimu kesho."

"Kiwanja kimoja, mmepokea pande mbili?"

"Ndiyo maana tunakuhitaji. Sisi hatupendi kumwonea mtu. Utakayemshika mkono, kiwanja ni chake."

"Nisipomshika yeyote?"

"Anapata shemeji. Yeye hajawahi kukataliwa."

"Nakwenda polisi sasa hivi."

"Nenda, Mwalimu, ni haki yako." Akaminya losheni, akaisugua viganjani taratibu. "Lakini sheria inamfunga mtoaji sawasawa na mpokeaji. Utaanza kwa kumtaja aliyetoa cherehani."

*

Jioni nilimweleza mke wangu kila kitu. Alinisikiliza akiwa amevaa miwani ile, jambo lililonisumbua.

"Mpe mkono," akasema.

"Mke wangu!"

"Ni mkono tu, mume wangu. Ulimpa hata yule mwenye ghala."

"Mwenye ghala gani?"

"Aliyechukua uwanja wa mpira wa shule yako. Ulirudi hapa unajisifu. Ukasema kuna bwana mmoja mstaarabu ajabu, amekushika mkono mara mbili."

Nilikumbuka. Ule uwanja tuliufyeka kwa mikono, mimi na wanafunzi wangu, tukaupanda majani, tukaupaka chokaa. Sasa una ukuta na malori. Nilimwuliza yule bwana kama amehudumiwa vema, naye alijibu kwa moyo wote.

"Sitampa," nikasema. "Wala dada yangu, wala shemeji. Nitauvunja mkono wenyewe."

"Utajivunja mkono?" Mke wangu akavua miwani.

"Thamani yake, mama. Nitaivunja thamani yake."

"Na dada yako akitolewa nje na vyombo vyake, utamwambia nini? Kwamba umevunja thamani?"

Nilijiambia kwamba wanawake hawaoni mbali. Kama mtakavyoona hivi punde, yeye alikuwa akiona vizuri. Miwani ilikuwa imefanya kazi yake.

*

Asubuhi ukumbi wa chini ulikuwa umefurika. Katika ofisi ile kuna mabenchi pande tatu na dirisha la karani upande wa nne, na watu hukaa humo siku baada ya siku mpaka wanazoeana, wanatunziana nafasi, hata wanaposana. Dada yangu alikuwa amesimama ukutani karibu na mlango, mtandio kichwani, hatazami mtu.

Shemeji alikuwa wa kwanza kuniona. Ni mtu wa kitambi na manukato.

"Shemeji yangu mpenzi! Nimekuja kukusalimu."

"Nisalimu kwa mdomo," nikasema.

"Mdomo si adabu, shemeji, wewe mwenyewe unajua." Akanyoosha mkono. Nikampita.

Nilipanda ngazi chache, nikageuka, nikatoa ile sauti ambayo zamani ilikuwa ikinyamazisha mistari ya watoto hadi ng'ambo ya uwanja.

"Ndugu wananchi! Nisikilizeni. Mnadanganywa. Mkono wangu si mhuri wa ofisi hii. Haununuliwi wala hauuzwi. Mtu yeyote asitoe chochote kwa ajili yake, si leo, si kesho. Mwenye haki apewe haki yake bila kunishika!"

Watu wakageuza nyuso kunitazama. Nilihisi moyo wangu ukinyanyuka. Nilidhani ukweli ndio unaoingia.

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akamgusa jirani yake wa benchi.

"Huyu mzee anasema nini? Mbona kwa mafumbo?"

"Anasema mkono wake leo haulipiwi."

"Haulipiwi kabisa?"

"Si umemsikia mwenyewe? Asitoe mtu chochote. Simama, mama, simama, utakosa!"

Wasomaji, nimewahi kusalimiwa na maaskofu, na siku ya kustaafu kwangu nilisalimiwa na wilaya nzima, lakini sijapata kusalimiwa kama siku ile. Mabenchi yalipinduka. Mikono ilinijia kutoka mbele, kutoka pembeni, kupitia chini ya makwapa ya wengine. Nilikunja ngumi wakanikunjua. Nilificha mkono mfukoni ukatolewa humo kwa heshima kubwa.

"Shikamoo, Mzee!"

"Mungu akuweke, Mzee!"

"Mzee, na huyu mtoto naye ana kiwanja cha urithi, mguse hata kidole!"

"Acheni!" nikapiga kelele. "Nimesema hauna maana!"

"Ndiyo, Mzee, tumeelewa, hauna gharama!"

Tarishi alikuwa amepanda juu ya benchi, jasho linamtoka. Mtu yule, nilipomtazama wakati huo, niliona kwamba ndiye mtumishi pekee wa ofisi ile anayeijali kazi yake.

"Huyu amepita! Yule wa kofia amepita! Mama wa mtoto, umepita, ondoka hapo! Mzee, taratibu basi, yule wa nyuma sikumwona vizuri, mshike tena!"

Waliopita walilikimbilia dirisha. "Tumeshikana na Mzee! Tupeni hati zetu!" Karani akafunga dirisha. Wakaanza kuligonga, kwa kuwa sasa walikuwa watu wenye haki zao.

Kisha nikahisi mkono laini, mzito, wenye manukato, umeukamata wangu na hauachi.

"Nimeshika!" akasema shemeji. "Tarishi, umeona?"

"Nimeona, mkubwa. Umepita!"

Nilielewa nilichokifanya. Nilikuja kuuvunja mkono, badala yake nimemkabidhi mtu yule nyumba ya dada yangu, bila yeye hata kupanda ngazi.

Nikatazama ukutani. Dada yangu hakuwa amesogea.

"Mdogo wangu!" nikaita. "Njoo! Njoo hapa!"

Akanitazama tu.

"Pisheni! Mpisheni huyo mama!" Niliupenyeza mkono wangu juu ya vichwa vya watu, nikaunyoosha kadiri ulivyoweza kufika, vidole vimefunguka. Mimi, Rula, niliyekataa kitu kidogo maishani mwangu mwote, nilikuwa nikimlilia mwanamke anishike mkono. "Shika, mdogo wangu! Shika upesi, kabla hajaingia kwa karani!"

Dada yangu aliirudisha mikono yake nyuma ya mgongo, yote miwili, kama nilivyofanya mimi.

Hapo ndipo filimbi ilipolia.

*

Askari waliingia kwa mlango wa mbele, na Sabuni akaja kutoka upande wa vyumba, kana kwamba walipanga kukutana katikati. Umati ukatawanyika ukutani. Nikabaki peke yangu kwenye ngazi, mkono wangu bado uko hewani.

"Afande, ndiye huyo," akasema Sabuni kwa huzuni. "Tumemvumilia kwa sababu ya umri. Sasa anapokea hadharani."

Mkuu wa askari alikuwa mtu wa makamo, mwenye sauti ya uchovu. Akawageukia watu.

"Kuna aliyempa mzee huyu kitu?"

Ajabu ya binadamu. Ukumbi uliokuwa na mikono mingi kiasi kile, sasa haukuwa na hata mmoja.

"Sisi tulikuwa tunamsalimu," akasema mama mwenye mtoto.

"Mimi ni shemeji," akasema shemeji. "Nilikuja kumjulia hali. Wazee hawa wanahitaji kuangaliwa."

"Watu wote hawa wamevunja mabenchi kwa salamu?"

"Ni mtu anayependwa sana, afande," akajibu mwingine, na watu wakaitikia kwa vichwa.

Sabuni akakohoa kidogo. "Afande, mwulize posho yake ya kila Ijumaa hutoka wapi. Yeye ni mtu mkweli, atakuambia."

Askari akanitazama. "Mzee?"

"Nimeipokea," nikasema. "Jana ndipo nilipojua inakotoka."

"Wote hujua jana," akasema, akachukua mkono wangu, ule wa kuume, akaufunga pingu. Tarishi, kwa mazoea, akatamka kwa sauti ndogo, "Amepita," kisha akajiziba mdomo.

"Ngojeni."

Dada yangu alikuwa ametoka ukutani. Alitembea katikati ya mabenchi yaliyopinduka, akasimama mbele ya askari.

"Mimi nilitoa," akasema. "Nilitoa cherehani. Iko nyumbani kwa karani wa dirisha hilo, nendeni mkaione, ina kovu la pasi juu ya ubao wake. Jana nilipanda kwa kaka yangu kumshika mkono kama nilivyoagizwa. Akaukataa. Wa watu wote aliushika kwa kutojua. Wangu alipojua maana yake, akaukataa. Mwulizeni tarishi, alikuwepo."

Askari akamgeukia tarishi. Tarishi akamtazama Sabuni, akatazama dari.

"Jana mimi nilikuwa na homa," akasema.

"Mama," askari akasema, na sauti yake ya uchovu ikawa ya chini zaidi, "unajua unachokisema? Mtoaji naye anafungwa."

"Najua. Kiwanja kimekwenda, nimekiona kikienda kwa macho yangu. Siwezi kukitazama na hiki kikienda." Akaniashiria kwa kidevu, kana kwamba mimi ni kabati.

Sabuni alikuwa ameacha kuhuzunika. Nyuma ya dirisha lililofungwa nilisikia kiti kikianguka.

Askari akanisogelea.

"Mzee, nitakuuliza mara moja, mbele ya watu hawa. Ni kweli mama huyu alitoa hiyo cherehani, na wewe ukaukataa mkono wake? Ukisema ndiyo, nakufungua, wewe ni shahidi wangu. Nawachukua yeye na mwenye dirisha, na walio juu yao nitawajua mbele ya safari. Ukisema hapana, basi huyu ni ndugu anayemtetea ndugu yake. Atakwenda nyumbani, nami nitaondoka na wewe peke yako."

Umati ulinisogelea. Hata shemeji alitega sikio.

"Sema kweli, Kaka," dada yangu akasema. "Umetuchosha nayo tangu utotoni, kweli, kweli. Nisemee na mimi safari hii."

Nimewaadhibu watoto wengi kwa uongo. Nilikuwa nikiwaambia kwamba uongo haupandi bila haya kwenye uso wa mtu aliyelelewa vema, na mara zote niliweza kuuona kabla hawajamaliza sentensi. Sasa, pale kwenye ngazi, mkono mmoja pinguni, nilikuwa nikiutafuta uongo mmoja tu, mfupi, wa neno moja. Uso wangu wa misheni ukawaka moto, nikajua kwamba askari anauona.

"Hapana, afande," nikasema. "Mama huyu simjui."